Betri ya Laptopu Si Mawe ya Redio

  

Leo nimekuja na habari ya betri. Si betri ya gari wala ya tochi. Ni betri ya kompyuta mpakato, ile ambayo wengi wetu tunaiita laptopu. Hali hii nadhani unaifahamu. Laptopu ilipokuwa mpya, umeme ukikatika hukushtuka. Uliendelea na kazi yako saa tatu, saa nne, mpaka umeme ukarudi. Miaka miwili baadaye, umeme ukikatika, kioo kinakuwa cheusi kabla hujawahi kuhifadhi ulichoandika. Tangu siku hiyo laptopu haibanduki kwenye soketi. Mwalimu anayetunga mtihani, kijana wa steshenari anayechapa barua za watu, mwanafunzi wa chuo na utafiti wake, wote kilio chao ni kimoja: betri imekufa.

Sasa nikuulize: imekufa kwa uzee tu? Uzee upo, sikatai. Hakuna betri isiyochoka. Lakini betri nyingi zinakufa kabla ya siku zao, na mara nyingi zinauawa na mtu yule yule anayeamini kwamba anazitunza. Nalisema tena, maana hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu: tunaidhuru betri ya laptopu kwa kuitunza kwa ushauri wa betri nyingine. Kuna mazoea tuliyoyapata kwenye mawe ya redio, kwenye simu za zamani, kwenye betri za maji za gari na sola. Kwa betri zile, mazoea hayo yalikuwa na maana. Kwa hii ya leo, yanaua. Wahenga walituambia, mazoea yana taabu.

Mazoea hayo ni matatu, na nitayapitia moja moja. La kwanza, joto. La pili, kuimaliza betri mpaka sifuri. La tatu, kuijaza pomoni na kuiacha imejaa siku nenda rudi. Joto, sifuri, pomoni. Yashike hayo matatu.

Lakini kabla hatujaanza, tuchungulie kwanza ndani ya betri yenyewe. Betri ya laptopu ya leo ni betri ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuziuza madukani mwaka 1991, na wanasayansi watatu waliozifanyia kazi ya msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 alipoipokea. Si jambo dogo hilo.

Ndani ya kila seli ya betri hii kuna pande mbili. Upande mmoja ni madini ya kinywe, ndiyo haya haya tunayosikia yanapatikana kule Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Upande wa pili ni mchanganyiko wa metali, na katika laptopu nyingi mchanganyiko huo una kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, kule Kolwezi na viunga vyake, ambako Kiswahili kinasikika sokoni na machimboni. Katikati ya pande hizo mbili kuna kimiminika, na ndani ya kimiminika hicho chembe za lithiamu husafiri. Ukichomeka chaja, chembe zinahamia upande wa kinywe. Ukichomoa ukaanza kutumia, zinarudi upande wa pili, na katika kurudi huko ndipo laptopu inapopata umeme wake. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kazi ya betri ni hiyo.

Basi betri inachokaje? Kila mara, chembe chache zinanasa. Juu ya kinywe hujengeka utando mwembamba, na chembe zilizonaswa humo hazirudi tena kazini. Utando ukinenepa, betri inabeba kidogo. Huwezi kuzuia utando huo usiwepo kabisa. Unachoweza ni kuuchelewesha. Na vinavyouharakisha hasa ni viwili: joto, na betri kukaa imejaa mno.

Haya, twende kwenye lile la kwanza. Joto.

Wewe uliyekulia kwenye redio ya mawe, unakumbuka mawe yakianza kuisha? Sauti inafifia, mtangazaji anaongea kama yuko chini ya kisima. Tulifanyaje? Tuliyatoa mawe tukayaanika juani, juu ya bati au kwenye ukuta wa nyumba. Jioni tukiyarudisha, redio inaongea tena, angalau taarifa ya habari tunaisikia. Halikuwa jambo la ushirikina. Joto huamsha kemia ya mawe yale, yakatoa kile kidogo kilichobaki. Na kwa kuwa yalikuwa mawe ya kutupwa, hakuna aliyejali yatakuwaje kesho.

Betri ya laptopu hatuitupi kesho. Tunataka iishi miaka. Joto lile lile linaloamsha kemia ndilo linalonenepesha utando niliokueleza. Laptopu iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, pale Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, inapikwa. Nawe mwenyewe ukirudi kwenye gari hilo, usukani huushiki. Laptopu iliyowekwa dirishani jua la mchana likiipiga, inapikwa. Iliyowekwa juu ya friji, inapikwa taratibu.

Na kuna jua jingine ambalo hatulioni: kitanda. Ndiyo, kitanda. Laptopu nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini ili zijipoze. Ukiilaza juu ya godoro, juu ya mto au juu ya blanketi, umeziba matundu hayo. Feni inalia, chini panaunguza mapaja, na betri imo humo humo. Dawa yake ni rahisi. Iweke juu ya kitu kigumu kilicho bapa: meza, kibao, hata sinia. Feni ikiwa inalia wakati wote, huenda vumbi limejaa ndani. Mpelekee fundi aifungue aisafishe. Na kama kava au mkoba wako haupitishi hewa, itoe laptopu humo wakati wa kuchaji.

Najua kuna msikilizaji anasema: basi kama joto ni baya, nitaiweka kwenye friji. Hapana, rafiki yangu. Ukiitoa kwenye friji, unyevu wa hewa yetu ya pwani utafanya matone juu yake na ndani yake, na maji na umeme hawana urafiki. Kivuli na hewa vinatosha.

Hilo la kwanza, joto. Twende la pili, sifuri.

Simu za mkononi za mwanzo mwanzo zilikuwa na betri za nikeli. Betri zile zilikuwa na tabia ya kuzoea. Ukizichaji kila mara zikiwa nusu, zilianza kufanya kazi kana kwamba nusu ile ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo muuzaji alituambia: chaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuwasha, kisha tumia mpaka izime yenyewe, ndipo uchaji tena. Ushauri ulikuwa sahihi, kwa betri zile. Betri zikabadilika, ushauri ukabaki. Hadi leo ukinunua laptopu, kuna mtu dukani atakwambia usichomeke chaja mpaka izime.

Betri ya lithiamu haina tabia hiyo ya kuzoea. Kuichaji ikiwa asilimia 40, au 50, au 60, hakuidhuru. Kinyume chake, safari fupi fupi ni nafuu kwake kuliko kushushwa mpaka chini na kupandishwa mpaka juu.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, hivyo nalieleza polepole. Watu husema betri ina idadi ya mizunguko, na mizunguko ikiisha nayo imeisha. Ni kweli kwa kiasi. Apple, kwa mfano, inasema betri za laptopu zake za miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa mizunguko 1,000 kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80. Betri za laptopu nyingine nyingi hutajiwa mizunguko 300 hadi 500. Lakini mzunguko ni nini? Je, ni kila mara unapochomeka chaja? La. Ukitumia nusu ya betri leo ukaichaji, na kesho ukatumia nusu nyingine ukaichaji, umechomeka mara mbili lakini umetumia mzunguko mmoja. Kwa hiyo usiogope kuchomeka. Kuchomeka mara nyingi si kosa.

Na sifuri yenyewe ina hatari gani? Laptopu ikizima kwa kukosa chaji, kuna akiba ndogo iliyobaki ambayo watengenezaji wameificha kwa makusudi. Kwa hiyo ikizima leo ukaichaji leo, hapajaharibika kitu kikubwa. Hatari inakuja ukiifunga ikiwa sifuri ukaitia kabatini. Betri huendelea kuvuja chaji kidogo kidogo hata ikiwa imelala. Miezi inapita, akiba ile inakwisha, na seli zikishuka chini ya kiwango fulani mitambo ya ulinzi iliyomo ndani ya betri inaweza kukataa kabisa kuichaji tena. Unachomeka, taa haiwaki.

Hili nawaambia hasa walimu. Mnavyo vishikwambi vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa shuleni. Betri zake ni za jamii hii hii. Shule zikifungwa mwezi wa sita au wa kumi na mbili, usikifungie kishikwambi kabatini kikiwa sifuri, wala usikifungie kikiwa asilimia 100. Kiache nusu, kizime kabisa, kiweke mahali penye ubaridi na pakavu. Kama kitakaa zaidi ya miezi miwili, kichungulie, ukiona kimeshuka sana kipandishe tena mpaka nusu. Laptopu ya ofisi, laptopu ya mtoto anayesubiri kwenda chuo, utaratibu wake ni huo huo. Nusu, siyo sifuri, siyo mia.

Na sasa lile la tatu, ambalo naona ndilo gumu zaidi kulikubali. Pomoni.

Wenye magari na wenye sola ya betri za maji wanajua: betri ile haipendi kuachwa na njaa. Ukiiacha imeisha, madini yake ya risasi hufanya magamba na inakufa. Kwa hiyo fundi wa sola anakuambia ijaze, na iweke imejaa. Ni kweli tupu, kwa betri ya maji. Sisi tumeuchukua ushauri huo tukaupeleka kwenye laptopu: chaja imechomekwa asubuhi, mchana, usiku, Jumapili mpaka Jumapili, betri inasoma asilimia 100 mwaka mzima.

Betri ya lithiamu haipendi hivyo. Kwa nini? Fikiria daladala. Abiria wa kwanza wanaingia kwa raha na kukaa. Wa mwisho wanasukumwa, konda anabana mlango kwa bega. Chembe za lithiamu ndivyo zinavyoingia upande wa kinywe: mwanzoni kwa urahisi, mwishoni kwa kubanwa. Ndiyo maana chaji hupanda haraka hadi karibu asilimia 80, kisha zile 20 za mwisho zinakwenda kwa kujikokota. Kusafiri na daladala iliyobanwa kwa kituo kimoja au viwili hakuna neno. Kuiegesha ikiwa imebanwa hivyo hivyo mwaka mzima, milango haitadumu.

Msikilizaji mwingine atauliza: mbona naambiwa laptopu za kisasa haziwezi kuchajiwa kupita kiasi? Ni kweli, zikijaa zinakata zenyewe. Hazitalipuka kwa sababu umelala na chaja imechomekwa. Lakini kutozidi ni jambo moja, na kukaa juu kileleni ni jambo jingine. Betri ikikaa kileleni, msukumo wa umeme ndani yake uko juu, na kimiminika kinachakaa upesi. Ongeza na joto la laptopu inayofanya kazi, maadui wawili wamekutana. Vipimo vinavyotajwa mara nyingi vinaonyesha kwamba betri iliyojazwa kabisa ikakaa mwaka mzima katika joto la nyuzi 25 inaweza kupoteza kama moja ya tano ya uwezo wake, bila kutumika. Iliyoachwa chini kidogo ya nusu, katika joto hilo hilo, hupoteza kidogo sana. Na nyuzi 25, ndugu zangu wa Tanga na Lamu, kwetu ni siku ya ubaridi.

Tufanyeje basi? Laptopu nyingi za sasa zina mpangilio wa kuikataza betri isipande zaidi ya asilimia 80. Lenovo wameuweka kwenye programu yao ya Vantage. ASUS wameuweka kwenye MyASUS. Dell na HP nao wanao, ama kwenye programu zao ama kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa kabla kompyuta haijawaka. Apple nao wana mpangilio wa namna hiyo. Ukishauwasha, acha chaja yako imechomekwa kutwa nzima. Betri haitapanda zaidi ya hapo. Kama laptopu yako ni ya zamani na haina mpangilio huo, chomoa ukikumbuka ikifika 80, chomeka ikishuka 30 au 20. Ukisahau siku moja, usikose usingizi.

Hapo nataka nieleweke vizuri. Sikuambii uwe mlinzi wa betri. Betri imetengenezwa ili itumike. Mkitangaziwa kwamba kesho umeme hautakuwepo mtaani kwenu, ijaze mpaka 100 bila wasiwasi, ufanye kazi yako. Unasafiri kutoka Mwanza kwenda Dar kwa basi, ijaze. Inayoumiza betri si ile siku moja ya kujaa. Ni miezi ya kukaa imejaa bila sababu.

Tumemaliza yale matatu: joto, sifuri, pomoni. Nina mambo mawili ya haraka kabla ya kuagana.

La kwanza ni kwa anayekwenda kununua laptopu iliyokwisha kutumika, pale Kariakoo, Nairobi, Kampala au popote. Nyingi ya kompyuta hizo zilikuwa za ofisini ughaibuni, na kompyuta ya ofisini huenda imekaa miaka kwenye soketi. Nje inang'aa, ndani betri imechoka. Usinunue kwa macho. Kama inatumia Windows, mwombe muuzaji afungue dirisha lile jeusi la amri, aandike powercfg, aache nafasi, aweke mkwaju, kisha aandike batteryreport bila kuacha nafasi. Kompyuta itatengeneza ripoti. Humo tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kama kiwandani ilikuwa 50,000 na sasa ni 25,000, basi unanunua nusu ya betri. Si lazima uiache, lakini bei ishuke, maana betri nyingine utainunua. Nawe mwenye laptopu yako, ripoti hiyo hiyo itakuonyesha betri yako iko wapi. Na ukinunua betri mpya, tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri huzeeka hata ikiwa rafuni, haijaguswa.

Jambo la pili ni la usalama, nalo silifanyii mzaha. Betri ikivimba, acha kuitumia. Utajuaje? Ile sehemu ya kugusa kwa kidole inainuka au inakuwa ngumu kubonyeza. Kifuniko hakifungi vizuri. Laptopu ukiiweka mezani inayumba kwa sababu tumbo lake limetokeza. Hiyo ni gesi iliyojaa ndani ya seli. Zima kompyuta, chomoa chaja, usiichaji tena, mpelekee fundi aitoe. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kwa sindano gesi itoke, maana ikitobolewa inaweza kuwaka moto ambao ni mgumu kuuzima. Na ikishatolewa, usiitupe jalalani, kwa kuwa majalala yetu mengi huchomwa moto. Mwulize fundi au muuzaji kama anapokea betri chakavu. Zimo humo kobalti na nikeli ambazo wapo wanaozitafuta.

Nimetaja kobalti, nami nataka niseme neno kuhusu hilo. Mara nyingi tunaitunza betri kwa ajili ya mfuko wetu, na ni sawa, betri mpya ni fedha. Lakini kila betri inayokufa kabla ya wakati inadai nyingine itengenezwe, na nyingine hiyo inaanzia kwenye shimo, ambamo kuna mtu anachimba. Betri iliyopangiwa miaka mitatu ikiishi mitano, faida si yako peke yako.

Turudie kwa ufupi, kwa yule aliyefungulia redio sasa hivi. Moja: iepushe na joto, usiiache ndani ya gari juani, usiilaze kitandani inapofanya kazi. Mbili: usisubiri ifike sifuri ndipo uchaji, na usiifungie kabatini ikiwa sifuri. Tatu: usiiache imejaa pomoni mwezi baada ya mwezi, weka kikomo cha asilimia 80. Na ukiona imevimba, acha kuitumia papo hapo.

Ukitaka kuanza na moja tu, basi usiku huu ingia kwenye mipangilio ya laptopu yako uweke kile kikomo cha 80. Ni kazi ya dakika chache, na betri itafaidi kila siku utakayokaa umechomeka chaja. Kama huoni mpangilio huo, mwulize kijana wa jirani, yule anayerekebisha simu, atakuonyesha.